Rundo la Maganda la Atakora

Kila asubuhi Dufie alifagia uwanja kabla ya kuwasha moto. Alianzia mlangoni, akamalizia kwenye kiti cha mumewe. Kilikuwa kiti kifupi cha mbao, mguu mmoja umelegea. Hakuna aliyekikalia. Dufie alifagia kukizunguka, kisha akakisogeza kivulini, kama mwenyewe alivyokuwa akikisogeza alipokuwa hai.

"Mama, kiti hakisikii jua," alisema Frema, binti yake wa miaka kumi na miwili.

"Najua."

"Sasa mbona unakisogeza?"

"Lete ndizi tuchome. Utachelewa shule."

Walikula ndizi mbili za kuchoma na karanga kidogo. Dufie alikula nusu. Nusu nyingine aliifunga kwenye jani, akaitia kwenye mkoba wa mtoto. Frema aliona, akafunga mkoba. Siku hizi wote wawili walikuwa wamejifunza kutosema.

Atakora alikufa Novemba, mavuno ya kakao yakielekea mwisho. Jumamosi alivunja kakao na wenzake, wakicheka. Jumatatu aliamka na homa. Alhamisi alikuwa maiti. Tangu siku hiyo Dufie alivaa nguo nyeusi, na angezivaa mwaka mzima, kama desturi ya kijiji chao cha Bepoase inavyotaka. Mwaka ukiisha, mjane huoga, huvua nyeusi na kuvaa nyeupe. Hapo huzuni ya watu huwa imekwisha. Yake mwenyewe haina kalenda.

Shamba halikuwa la Atakora. Lilikuwa la ukoo wa mama yake, yeye alilishika tu. Nyumba pia. Kwao mtoto hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo Frema alikuwa wa ukoo wa Dufie, na katika mali ya ukoo wa baba yake hakuwa na fungu. Vyote vilimwendea Sarfo, mtoto wa dada yake Atakora.

Sarfo hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa mdogo alimwita Dufie "mke wangu," kama wapwa wanavyowatania wake za wajomba zao. Dufie alikuwa akimjibu, "Mume gani hawezi kufunga kamba za viatu?" Sasa alikuja akakaa kwenye benchi, macho chini, na utani ulikuwa umemkauka mdomoni.

"Mama," alisema. Hakusema mke wangu. "Wazee wa ukoo wamekaa. Mtabaki hapa mpaka mwaka utimie. Baada ya hapo nyumba inahitajika. Kuna kibarua atakayekuja kutunza shamba, na ana watoto."

"Kuta hizi nilizikandika mimi, Sarfo. Kwa mikono hii."

"Najua, mama."

"Na niende wapi?"

"Una kaka yako."

Kaka yake Dufie alikaa mbali, mwendo wa siku nzima. Alikuwa na watoto wanane na chumba kimoja na nusu. Karibu yake hapakuwa na shule ya kumfaa Frema. Dufie aliyajua hayo yote, na Sarfo aliyajua pia.

"Nikipata pa kukaa hapahapa kijijini?"

"Hapo sitakuzuia. Lakini utakula nini?"

Swali hilo ndilo lililobaki uwanjani Sarfo alipoondoka.

*

Jirani yao aliitwa Enyonam, lakini kijiji kizima kilimwita Enyo. Alikuwa mtu wa kabila la Waewe, aliyetoka ng'ambo ya ziwa miaka ishirini nyuma akimfuata mume kibarua. Mume alikwenda zake, Enyo akabaki. Alikuwa na uwanja mpana, vyumba viwili vitupu, na ulimi mkali. Aliuza sabuni nyeusi, laini, iliyofungwa kwa majani, na wanawake walitoka vijiji vitatu kuifuata.

Siku moja ya Mei, Dufie alikwenda kwake kuomba kazi ya kutwanga.

"Kazi ya kutwanga haipo," alisema Enyo. "Kazi ya sabuni ipo. Maganda yanayooza huko mashambani kwenu, unayaonaje?"

"Takataka."

"Nyinyi mnavunja kakao, mnachukua mbegu, mnatupa maganda palepale chini ya miti. Halafu mnashangaa kwa nini kakao inageuka nyeusi na kuoza juu ya mti! Ugonjwa unalala kwenye marundo yenu. Mvua ikipiga, unaruka na matone mpaka kwenye matunda mapya. Bwana shamba amesema mpaka sauti imemkauka."

"Na sabuni je?"

"Sabuni imo kwenye majivu ya ganda. Majivu, maji, mafuta, basi. Mimi miguu inauma, siwezi kubeba maganda tena. Ungekuwa unabeba wewe, tungegawana. Lakini ngoja. Kesho nakwenda kwetu kuzika. Nikirudi Jumapili ya pili nitakuonyesha. Usiguse kitu kabla sijarudi."

Dufie alirudi nyumbani, lakini kungoja kulimshinda. Siku zilikuwa zinahesabika. Tena alikuwa na jambo moyoni ambalo hakumwambia mtu.

Kule shambani, chini ya miti aliyoipanda mumewe, lilikuwepo rundo la Jumamosi ile. Lilikuwa rundo la mwisho alilovunja Atakora. Maganda aliyovunja yeye yalikuwa na alama ya rungu lake. Wengine walipiga katikati. Atakora alitumia mkono wa kushoto, akipiga upande, karibu na kikonyo. Dufie aliweza kuyachagua maganda yake hata gizani. Mara nyingi alikuwa akienda kulitazama rundo lile tu.

Akasema moyoni, "Basi atulishe yeye. Kazi yake ya mwisho isipotee bure."

Alibeba maganda kwa kapu siku tatu. Yalikuwa meusi, yamelainika, yamepigwa na masika yote. Aliyaanika, akayachoma uwanjani juu ya udongo. Aliuza kitambaa chake cha sikukuu, akanunua galoni ya mafuta ya mawese. Alitoa sufuria kubwa, ile nyeupe inayong'aa aliyopewa siku ya ndoa. Alichanganya majivu na maji, akachuja, akatia sufuriani na kuwasha moto. Kisha akamimina mafuta yote kwa mara moja.

Alikoroga mpaka jioni. Hakuna kilichoshikana. Mafuta yalielea juu kama kwenye mchuzi mbovu. Sufuria ilianza kutoa povu pembeni, ikawa kijivu, kisha nyeusi. Tone moja liliruka likamwunguza kiganja. Frema alitaka kuja kushika mwiko.

"Kaa huko!" Dufie alipiga kelele.

Mtoto alirudi nyuma akalia. Haikuwa kawaida ya mama yake kumkemea. Dufie aliuzima moto kwa maji, akakaa chini kando ya kile kiti. Kitambaa chake kilikwenda, mafuta yalikwenda. Maganda ya Atakora yalikuwa tope jeusi kwenye sufuria ya ndoa yao.

Hakulia siku ya mazishi kama alivyolia siku hiyo.

*

Enyo aliporudi kutoka kuzika, hakuuliza. Aliona sufuria. Akatia kidole kwenye kitundu kilichotoboka chini, akachungulia.

"Nilikuambia nini?"

"Usiguse kitu."

"Na wewe?"

"Nikagusa."

"Ungekuwa mwanangu ningekuchapa. Lete mkono."

Aliutazama mkono wenye kidonda. "Ulifanya nini ulipoungua?"

"Nilipaka mafuta."

"Hapana. Maji. Maji mengi safi, ya kumiminika, mpaka uchoke kumimina. Maji ya majivu yanakula nyama. Yakiingia jichoni ni upofu. Ndiyo maana mtoto hasogei. Hilo ulifanya vizuri, ingawa ulimtisha." Kisha akapiga sufuria kwa ukucha. "Na hii ni alumini, bati laini jeupe. Maji ya majivu yanaila vilevile. Tumia chuma au chungu."

"Lakini hata sabuni haikushika. Kwa nini?"

Enyo alichukua ganda moja lililobaki kapuni, akalibonyeza. Likavunjika kama mkate uliolowa.

"Haya umeyatoa wapi?"

Dufie alisita. "Ni ya rundo lake. La mwisho."

Enyo aliligeuza lile ganda mkononi, kisha akalirudisha kapuni taratibu. 

"Mdogo wangu," alisema mwishowe, "nguvu ya ganda ni chumvi iliyomo ndani. Mvua ndiyo adui yake. Likilala nje masika yote, chumvi yote inashuka na maji. Haya yamebaki sura tu."

"Sura tu," alirudia Dufie.

"Ndiyo. Huwezi kupika sura."

Walikaa. Kuku alipita, akadonoa majivu, akaenda zake.

"Basi niyatupe?"

"Nani kasema? Yaliyobaki kule yatoe chini ya kakao, yasieneze ugonjwa. Chimba shimo mbali na miti, yatie humo, funika na udongo. Mwakani yatakuwa mbolea. Panda ndizi hapo. Atakulisha, lakini si kwa njia uliyoitaka wewe."

Nyuma ya nyumba ya Enyo palikuwa na kipande cha ardhi cha kutosha mashina manne ya migomba; hapo Dufie alichimba shimo. Wiki nzima Dufie alikwenda shambani na kapu, akalihamishia shimoni rundo la Atakora lote mpaka likaisha, akalifunika kwa udongo na kupanda migomba minne kando yake. Lilipoisha, pale chini ya miti palibaki duara la udongo mweusi, tupu. Alilitazama kidogo. Kisha akaondoka, na hakurudi tena kutazama.

*

Septemba kakao iliiva. Sarfo aliita watu kuvunja. Walikaa kuzunguka lundo la matunda, marungu mkononi, wakivunja na kupiga soga. Mbegu nyeupe zilikwenda kwenye majani ya ndizi, maganda yalirushwa nyuma.

Dufie alivunja nao tangu asubuhi. Mchana, watu walipokuwa wanakula mihogo na mchuzi, alisimama.

"Sarfo, nina ombi mbele ya watu."

Watu waliacha kula. Walifikiri ataomba shamba.

"Naomba maganda."

"Maganda yapi?"

"Haya. Na ya msimu wote."

Kicheko kililipuka. Mzee Badu, aliyekuwa na meno matatu na maneno mengi, alisema, "Mwacheni! Labda anataka kuwapa mbuzi wa ukoo mzima!"

Sarfo alicheka pia, kwa ahueni. "Chukua, mama. Chukua yote. Hata nzi wake nakuachia."

"Nimesikia. Nanyi mmesikia?"

"Tumesikia!" walijibu, bado wakicheka.

Kesho yake asubuhi Dufie alikwenda kwa Sarfo na chupa ya pombe kali. Alimchukua Mzee Badu na wengine wawili. Kwao zawadi ikitolewa, anayepewa hurudi kushukuru kwa kinywaji mbele ya mashahidi. Mtoaji akinywa, neno limefungwa.

Enyo alipiga makofi ya mshangao alipomwona akipita na chupa. "Nyinyi watu wa huku! Unanunua pombe kushukuru takataka?"

"Kwetu ndivyo ilivyo, dada."

"Hela hiyo ungenunua mafuta!"

Dufie aliendelea na njia. Alikuwa ameuza mihogo ya wiki mbili kuipata chupa ile. Sarfo aliipokea akicheka, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, akanywa. Mashahidi wakanywa. Mzee Badu alikunywa mara mbili, akasema ya pili ni ya nzi.

Baada ya hapo kazi ilianza, na safari hii Dufie hakuwa na haraka.

Alibeba maganda siku ileile yalipovunjwa. Aliyapasua vipande na kuyaanika juu ya mikeka. Wingu likijitokeza, Frema alikimbia kuyafunika kabla hata hajaambiwa. Yale yenye ugonjwa yalianikwa peke yake, yakachomwa ya kwanza. Yalipokauka mpaka yakalia kama vigae, waliyachoma ndani ya pipa la chuma lililokatwa, si juu ya udongo. Enyo alisimama mlinzi. Hakuruhusu mfuko wa plastiki wala kipande cha nailoni kuingia motoni.

"Unataka watu wajipake plastiki usoni?"

Majivu yalipopoa waliyachekecha. Waliyatia kwenye ndoo iliyotobolewa chini na kutandikwa nguo, wakamimina maji polepole. Chini yakadondoka maji ya rangi ya chai. Enyo alitia yai bichi kupima nguvu yake. Likazama.

"Rudisha maji juu ya majivu mapya," alisema.

Mara ya tatu yai liliinuka. Likaelea, juu yake ikaonekana sehemu ndogo, kama sarafu.

"Hapo," alisema Enyo. "Wapo wanaoonja kwa ulimi. Usionje kamwe. Yai halina ulimi wa kuungua."

Walifunga vitambaa mikononi na kuvaa nguo za mikono mirefu, Enyo akavaa na miwani yake ya jua, akaonekana kama mwizi wa magari. Frema alicheka kutoka mlangoni, alikoambiwa akae. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko chake kusikika tangu Novemba. Dufie aligeuza uso kwenye moshi.

Mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, yalitiwa kidogo kidogo, chunguni, kwa moto mdogo. Mwiko ulikuwa mrefu kama mchi. Kwa saa nyingi mchanganyiko ulikuwa kama uji usiotaka kuiva. Kisha mwiko ukawa mzito. Kitu cheusi kikaanza kujikusanya, kikapanda, kikashikana.

"Usiache kukoroga," alisema Enyo.

Dufie hakuacha.

Sabuni ililala wiki tatu kwenye kapu kabla ya kuuzwa. Enyo alijaribu kipande kidogo mkononi mwake kwanza, akangoja siku nzima kuona kama ingewasha. Haikuwasha.

*

Soko la Oktoba sabuni yote iliisha kabla ya saa sita. Jumatatu iliyofuata Sarfo alikuja. Safari hii hakukaa.

"Mama, ukoo unasema maganda ni ya kakao, na kakao ni ya ukoo."

 Wiki tatu tu zilibaki mwaka kutimia. Enyo alikuwa amekubali kumpangisha chumba, lakini bila sabuni hangekuwa na cha kulipia. Hapo ingekuwa safari ya kwa kaka, na Frema aiage shule.

Alisema polepole, "Ulikunywa shukrani, Sarfo."

Sarfo alirudi nyuma hatua moja.

"Mwite Mzee Badu."

Mzee Badu aliitwa. Alisikiliza, akakuna kidevu. "Mimi nilikunywa mara mbili. Ikiwa zawadi inarudi, hiyo pombe nitairudishaje? Mnitundike miguu juu?"

Hata Sarfo aling'ata midomo asicheke. Lakini Dufie hakutaka kumshinda tu halafu Sarfo abaki na chuki.

"Sarfo, umekwenda shambani wiki hii? Umetazama chini ya miti?"

"Nimekwenda. Ni pasafi."

"Kila mwaka mjomba wako alitupa sehemu ya mavuno kwa kuoza. Sikuwa nikijua ni kwa sababu ya marundo yetu wenyewe. Bwana shamba alisema, hatukumsikia. Mimi nakutolea ugonjwa shambani. Na majivu yaliyochujwa, na mbolea ya shimoni, nitakurudishia uwape miti, maana mti ukichukua bila kurudishiwa hukonda. Ukoo haupotezi kitu."

Sarfo alitazama kile kiti kifupi cha mbao. Alikitazama muda mrefu.

"Nitawaambia nilikunywa," alisema. Alipofika njiani aligeuka. "Mke wangu," alisema, "nyumba lakini siwezi. Nyumba si yangu."

"Najua, mume wangu," alisema Dufie. "Nenda salama."

Na kweli, msimu uliofuata matunda meusi hayakwisha, lakini yalipungua, na Sarfo mwenyewe ndiye aliyewaambia wenye mashamba jirani wasitupe maganda chini ya miti. Hayo yalikuja baadaye.

Siku ya kutimia mwaka, wajane wa kijiji walikuja alfajiri kumwogesha Dufie nyuma ya nyumba. Waliweka maji kwenye beseni. Mmoja alikuwa na sabuni ya dukani, nyekundu, yenye harufu ya maua.

"Si hiyo," alisema Dufie.

Alifungua jani, akatoa sabuni yake nyeusi. Povu lilikuwa jeupe kabisa. Walimpaka kichwani, mabegani, mgongoni. Harufu ya moshi na kakao ilimpanda puani, harufu ileile ya mikono ya Atakora akitoka shambani jioni. Wale wajane hawakumwuliza kwa nini analia. Kila mmoja alishawahi kukaa kwenye beseni hilo.

Alivaa nyeupe. Nguo nyeusi alizifua mwenyewe kwa sabuni ileile, akazianika.

Mchana walihama. Frema alibeba daftari na ndoo iliyotobolewa. Dufie alibeba chungu cha sabuni kichwani. Mkononi alishika kile kiti cha mguu uliolegea, akavuka uwanja mpaka kwa Enyo. Alikiweka nyuma ya nyumba, kando ya lile shimo, mahali ambapo migomba minne ilikuwa imeota, urefu wa goti.

Alikisogeza kidogo, kikae kivulini.

"Mama," alisema Frema, "migomba bado midogo. Hakuna kivuli hapo."

"Kitakuja," alisema Dufie.